Gitaa la Baba Mkubwa na Rekodi ya Mara Moja

Katika mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, kurekodi wimbo si jambo la ajabu tena. Kijana mwenye kompyuta, kipaza sauti kimoja na magodoro mawili ya kufunika kuta tayari ana studio. Mdundo unatengenezwa kwa programu, mwimbaji anaimba mstari mmoja mmoja, palipokosewa panafutwa na kurudiwa, na wimbo unatoka umenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Sina ugomvi na nyimbo hizo. Harusini nazicheza kama wengine. Lakini kwa muziki wa gitaa unaopigwa nyumbani mimi nimechagua njia nyingine. Naweka simu, namwacha mpigaji apige mara moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha naitunza rekodi hiyo jinsi ilivyo. Katika insha hii nataka kueleza sababu zangu.

Mpigaji ninayemrekodi zaidi ni baba mkubwa, kaka yake baba. Yeye si mwanamuziki wa jina. Alikuwa fundi wa magari, kazi ambayo mtaa wetu unajulikana kwayo, na gitaa lilikuwa jambo la jioni, baada ya kunawa mafuta mikononi. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe alipokuwa mtoto. Kopo la mafuta ya kupikia likawa tumbo, kipande cha mbao kikawa shingo, na nyuzi zikatoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Waya huo umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma. Ukiufumua kwa koleo unapata nyuzi za kutosha gitaa zima, na ukitaka uzi wa besi unaziacha mbili au tatu zikiwa zimesokotwa pamoja. Watoto wengi wa Afrika Mashariki na Kongo walianzia hapo.

Anapiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba linashika besi bila kuchoka, na kidole cha shahada kinacheza sauti ya juu, kiasi kwamba anayesikia bila kuona hudhani magitaa ni mawili. Akitaka kupandisha sauti ili ilingane na koo lake la siku hiyo, hafungi kifaa cha dukani. Analaza kalamu ya risasi juu ya nyuzi na kuikaza kwa mpira nyuma ya shingo ya gitaa.

Ujanani alikuwa na wenzake watatu. Walipiga katika harusi na sherehe za mtaani, na walijirekodi kwenye kaseti kwa kuweka redio juu ya kiti katikati yao na kubonyeza vitufe viwili pamoja. Kaseti hizo zilipotea katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Familia yetu ilivuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Kongo, na mtu anayekimbia na watoto habebi kaseti. Waliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimekua nikisikia sifa za nyimbo ambazo hakuna mtu angeweza kunionyesha.

Miaka miwili iliyopita baba mkubwa alipata kiharusi. Namshukuru Mungu, anatembea na anaongea, lakini mkono wa kushoto haujarudi wote. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vinachelewa. Vinafika kwenye uzi wakati sauti imeshapita. Daktari alimwambia afanye mazoezi ya vidole kila siku, naye akasema zoezi analolijua ni moja tu. Akaagiza gitaa lishushwe ukutani. Hapo ndipo nilipoanza kurekodi.

Namna yangu ya kurekodi ni nyepesi, lakini nimejifunza mambo machache kwa kufanya. Simu siiweki mezani moja kwa moja, kwa sababu mguu unaogonga sakafu kufuata mdundo unapita kwenye meza na kuingia katika rekodi kama ngoma. Nakunja kitenge mara nne, nakiweka juu ya kiti, na simu juu yake. Naielekeza mahali shingo ya gitaa inapokutana na tumbo, umbali wa mkono mmoja. Ukiielekeza kwenye tundu, besi inavuma na kumeza sauti nyingine. Ukiiweka mbali sana, chumba kinasikika kuliko gitaa. Naizuia simu isipokee mtandao ili mtu asipige katikati ya wimbo. Baada ya hapo sifanyi kitu. Nakaa kimya kama mgeni.

Kuna jambo moja ambalo simu hufanya bila kuombwa. Simu nyingi hujirekebishia kiwango cha sauti zenyewe. Gitaa likipigwa kwa nguvu, zinapunguza. Likinyamaza, zinapandisha ili zitafute kitu cha kusikia. Kwa hiyo kila mara baba mkubwa anapopumzika, mtaa mzima unasogea karibu. Nyundo ya fundi wa jirani inaingia, kisha adhana ya alasiri, kisha mtoto anayeomba maji, na siku za mvua mabati yanaimba kuliko sisi. Akianza tena kupiga, mtaa unarudi nyuma. Mtu wa studio atakuambia hiyo ni kasoro ya kifaa, na ni kweli. Lakini mimi nikisikiliza usiku kwa spika za masikioni, najua ilikuwa saa ngapi, mlango gani ulikuwa wazi, na nani alikuwa uani.

Kabla ya kubishana kuhusu jambo hili ni vizuri kukumbuka kwamba rekodi ya mara moja haikuanza kama mapenzi ya mtu. Ilikuwa sheria. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, kule Katanga. Huko alimkuta kijana wa miaka ishirini na kidogo, Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, akapiga mbele ya kipaza sauti wimbo wake Masanga. Santuri za wakati ule zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, na hakukuwa na njia ya kubandika kipande kizuri juu ya kibaya. Kijana mmoja na gitaa moja alipiga mara moja. Wimbo ule ulisafiri kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa amesafiri. Baadaye mtaalamu David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa upigaji wake, na neno alilolichagua kwa kichwa cha habari ni lile la kubuni papo kwa papo. Nafikiri alichagua vizuri. Mwenda hakuwa na wimbo mmoja uliokamilika ambao alikuwa akijaribu kuufikia. Alikuwa na njia anayoijua, na kila mara aliipita kwa hatua za siku hiyo.

Hapa kwetu Burundi pia kuna mfano. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hii, na rekodi zikatolewa Ufaransa na lebo ya Ocora. Ndani yake kuna inanga ya kunong'ona. Inanga ni ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, na uzi mmoja umepitishwa juu yake mara kadhaa. Sauti yake ni ndogo na ya chini, kwa hiyo mpigaji haimbi kwa koo, ananong'ona. Ukiisikiliza rekodi ya muziki wa namna hiyo unasikia pumzi, kucha juu ya uzi, na mbao yenyewe. Ungesema, "Tusafishe hizo pumzi," ungebaki na nini? Mnong'ono ni pumzi. Fundi ambaye angefuta kila kitu kisichokuwa noti angefuta mwimbaji.

Katika santuri hiyohiyo kulikuwa na ngoma zetu, zile ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi. Mwaka 1971 watu wa Ulaya walichukua sauti ya ngoma hizo, wakaongeza juu yake vyombo vya kizungu, na kutoa wimbo walioupa jina Burundi Black. Uliuzwa sana, na miaka kumi baadaye bendi za Uingereza zilikuwa bado zinaiga mdundo ule. Nimezisikiliza zote mbili. Katika ile ya 1971, vyombo vilivyoongezwa vinakuambia mara moja vimetoka mwaka gani, kama suruali pana za zamani. Ngoma zenyewe hazina tarehe. Zilipigwa mara moja, na waliozipiga hawakujua kwamba kuna kitu kitabandikwa juu yao.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ndiye mwenye studio niliyoieleza mwanzoni, ile ya magodoro. Ni fundi mzuri, na vijana wanatoka hadi Kinama na Kanyosha kurekodi kwake. Aliposikia rekodi zangu hakucheka. Alizisikiliza zote, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijibu siku ile, kwa sababu lilikuwa na uzito.

"Dada, mjomba anastahili heshima," alisema. "Mtu asiyemjua akisikia vidole vinachelewa, atamhurumia. Hatamsikiliza. Mimi naweza kumfanya apige kama zamani."

Alikuwa na maana hii. Baba mkubwa angepiga besi peke yake, kisha sauti ya juu peke yake, kisha angeimba. Kila kimoja kingekaa katika njia yake ndani ya kompyuta, noti zilizochelewa zingesogezwa mahali pake kwa kipanya, na vidole viwili vilivyochoka visingejulikana na mtu. Teknolojia hiyo si mpya wala si dhambi. Mpiga gitaa Les Paul wa Marekani alikuwa akibandika sauti juu ya sauti tangu miaka ya 1940. Na mimi nani wa kusema kwamba mzee aliyepiga vizuri kwa miaka arobaini akumbukwe kwa vidole vya mwaka wa mwisho?

Tulikubaliana kujaribu njia zote mbili kwa wimbo mmoja.

Wimbo wenyewe aliutunga yeye. Unahusu mtu anayekaa bandarini hapa Bujumbura, akitazama Tanganyika, akingoja meli ya kutoka Kigoma. Rafiki yake aliazima gitaa akaondoka nalo, na wimbo unauliza kwa mzaha: unarudi wewe au linarudi gitaa peke yake? Wakati unatungwa ulikuwa wimbo wa kuchekesha watu harusini. Rafiki alikuwa mmoja wa wale wenzake watatu, alikuwa hai, na alikuwa akisimama palepale pembeni akipiga njuga wakati akiimbwa. Kisha vita vikaja. Huyo rafiki hakurudi, na nyumbani kwetu jina lake halitajwi. Hakuna aliyelikataza, lilikoma tu. Nami sitaliandika hapa, maana ndugu zake wapo.

Rekodi ya kwanza niliichukua Jumapili alasiri, sebuleni. Ina dakika sita na sekunde arobaini. Gitaa linaanza na linazunguka muda mrefu kabla ya sauti. Beti mbili za kwanza anaziimba kwa furaha, na kidole cha pete kinakosa mahali palepale kila mzunguko, hadi sikio linazoea na kukosa huko kunakuwa sehemu ya mdundo. Katika dakika ya nne, pale ambapo ubeti wa tatu ungeanza, haimbi. Gumba linaendelea peke yake mizunguko minne. Simu, kwa tabia yake, inaanza kupandisha sauti ya mtaa: nyundo inasikika, mtu anapita akiongea Kirundi. Halafu baba mkubwa anasema lile jina. Haliimbi, analisema, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Uzi mmoja unalia vibaya chini ya kidole. Kisha anaimba ubeti mzima, na jina liko ndani yake kama lilivyokuwa zamani. Mwishoni hakuna mwisho. Gitaa linaachwa, na unamsikia akimuuliza mke wake, "Mama, chai iko?"

Rekodi ya pili ilifanyika kwa binamu siku nne baadaye. Baba mkubwa alivaa shati jeupe. Alikaa kati ya magodoro, akawekewa spika za masikioni zenye mlio wa kuhesabu, tik, tik, tik, ili kila kipande kilingane na kingine. Alifanya kila alichoombwa, kwa subira, na vipande vingine alivirudia mara nane. Binamu alifanya kazi usiku kucha. Wimbo uliotoka una dakika tatu na nusu, besi imekaa, noti zinang'aa, na mtu asiyejua angesema mpigaji ana miaka thelathini. Ni kazi safi. Lakini pale kwenye ubeti wa tatu anaimba "rafiki yangu." Jina halimo.

Hatukumuuliza kwa nini. Nadhani naelewa kidogo. Mtu anayepiga mara moja, nyumbani, akijua kwamba likipita limepita, anaweza kufika mahali ambapo yeye mwenyewe hakupanga kufika. Mtu anayejua kwamba kila kitu kitarudiwa na kuchaguliwa anaanza kujichagua mapema. Anajichunga. Kompyuta haikulifuta jina lile. Lilizuiliwa na kule kujua kwamba litasikilizwa, litapimwa, litarudiwa. Neno la namna ile halirudiwi mara nane.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili lilinihusu mimi kama mwanafunzi wa Kiswahili. Wakiwa studio, mmoja wa vijana aliniomba nisahihishe maneno ya wimbo kabla haujarekodiwa, kwa sababu mimi "ndiye ninayesoma lugha." Katika kiitikio baba mkubwa anaimba "niko nangoja." Hicho ni Kiswahili cha kwetu, cha Buyenzi na cha ng'ambo ya mpaka hadi Uvira. Katika karatasi ya mtihani mwalimu angeweka mstari mwekundu na kuandika "ninangoja," na angekuwa na haki, kwa sababu tunafundishwa Kiswahili sanifu ili tuelewane na mtu wa Dodoma na wa Nairobi. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 sanifu hiyo imekuwa na manufaa ya mkate kabisa. Silipingi hilo.

Lakini nilihesabu silabi. "Niko nangoja" ina tano. "Ninangoja" ina nne. Katika wimbo ule, silabi ya pili, ile "ko," inaangukia gumba linapopiga uzi wa chini kabisa. Ukisahihisha sarufi, gumba linapiga na hakuna neno. Unabaki na shimo, na kila mzunguko unaanguka humo. Nilimwambia kijana yule kwamba maneno yako sawa. Gitaa lilikuwa limejifunza kuongea kutoka kwa watu wa Buyenzi, na huwezi kubadilisha lugha ya mmoja bila kumvunjia mwenzake mdundo.

Tangu siku hiyo naona kwamba darasani na studio tunafanya kazi ya namna moja, na kazi hiyo ni ya lazima mahali pake. Tunanyoosha ili kitu kiende mbali, kieleweke na mtu asiyekuwepo. Kila wakati tunaponyoosha, hata hivyo, kuna kitu tunachokitoa, na mara nyingi kilichotolewa ndicho kilichokuwa kikionyesha kwamba mtu fulani alikuwa mahali fulani. Basi inafaa angalau nakala moja ibaki bila kunyooshwa.

Swali likaja la vitendo. Shangazi yetu mdogo anaishi Ottawa tangu kabla sijazaliwa, na alikuwa ameomba wimbo wa kaka yake. Tumtumie upi? Binamu alitaka wa studio, na sababu yake ilikuwa ileile ya heshima. Mimi nilitaka wa sebuleni. Tulimwendea baba mkubwa. Alisikiliza yote miwili macho yakiwa yamefungwa, akamsifu binamu kwa besi, akamwambia hata wakati wao, wakiwa wanne na wazima, hawakuwahi kupiga sawasawa hivyo. Kisha akasema, "Huu wa pili ni wenu, nami nimeupenda. Wa kwanza ni wangu." Hakusema utumwe upi. Mama mkubwa, ambaye muda wote alikuwa akichambua ndagala na hakuonekana kusikiliza, ndiye aliyeamua. "Mtumieni ule wenye chai," alisema.

Jibu la shangazi lilikuja usiku, kwa ujumbe wa sauti. Una sekunde ishirini na mbili. Sehemu kubwa ni ukimya, na nyuma yake unasikia kitu kama jokofu. Kisha anasema neno moja: "Amelitaja." Baada ya hapo ujumbe unakatika.

Nimefikiria sana sababu ya rekodi mbovu kuwa na nguvu namna hii, na sidhani ni ubovu wenyewe. Ubovu peke yake hauna thamani. Gitaa lisilotuniwa linaumiza masikio, iwe studio au sebuleni, na mpigaji asiyefanya mazoezi hawezi kujificha nyuma ya maneno kama "uhalisia." Baba mkubwa hutumia robo saa kutuni nyuzi sita kabla sijagusa simu. Kinachonivuta ni kwamba katika rekodi ya mara moja kila uamuzi unasikika ukifanywa. Kidole kinakosa na unamsikia akiamua kuendelea. Anasahau mstari, na unasikia gumba likimngoja. Katika wimbo uliobandikwa maamuzi yote yalifanywa baadaye, na mtu mwingine, akiwa amekaa mbele ya kioo.

Nilipokuwa nikibishana na binamu alinitajia mwenyewe mfano uliomsaidia hasimu wake, kwa sababu ni mtu mwaminifu. Mwaka 1982 Bruce Springsteen, akiwa tayari nyota Marekani, alijirekodi nyumbani kwake New Jersey kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne, akikusudia tu kuwaonyesha wenzake nyimbo mpya. Kisha walikwenda studio na bendi nzima, wakapiga vizuri, na kitu fulani kikatoweka. Mwishowe aliitoa kaseti ileile kama albamu, Nebraska, mwaka huohuo. Binamu alisema hajui kwa nini kampuni ilikubali. Mimi nilimwambia labda mama mkubwa wa huko naye alipitisha uamuzi. Tulicheka, na huo ndio ukawa mwisho wa ubishi wetu, ingawa hakuna aliyemshinda mwenzake. Yeye anaendelea kunyoosha nyimbo za vijana, na anafanya vizuri. Akija kwetu Jumapili, huacha vifaa vyake nyumbani na kukaa kimya upande wangu wa mkeka.

Sasa nina rekodi kumi na tisa. Kila moja naiandikia tarehe, mahali, kalamu ilifungwa kwenye kituo cha ngapi cha shingo, na nani alikuwepo. Nakala moja iko katika simu, moja katika kadi ya kumbukumbu anayoitunza mama mkubwa kwenye kopo la vifungo, na moja kwa binamu. Tumezigawa hivyo kwa sababu ya kaseti za zamani. Nyumba moja ikipotea, nyingine zibaki. Vidole vya baba mkubwa havijawa vyepesi zaidi, na rekodi za mwezi huu zina makosa mengi kuliko za mwaka jana. Ninazitunza zote kwa mpangilio wake. Atakayezisikiliza baadaye atasikia mkono ukizeeka, na atasikia pia kwamba haukuacha kupiga.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayepiga gitaa, inanga, ikembe au hata kopo lenye waya wa breki, usimngojee studio, wala usimngojee apone. Kunja kitenge, weka simu, funga mtandao. Akikosea mwache aendelee. Na akimaliza, usizime haraka. Subiri kidogo, usikie atakachosema.